Hajati Zuhurah Sulaiti na Plagi za Pikipiki Kuukuu za Mbio

Na Hamdani Asumani, Stoo Kuu, Arua

Tarehe 30 Juni 2025, Hajati Zuhurah Sulaiti atavua aproni yake ya bluu na kustaafu baada ya kulitumikia Duka la Vipuri Enyau kwa miaka ishirini na tisa. Aliajiriwa mwaka 1996 kuwa muuzaji wa kaunta, akapanda hadi mnunuzi wa vipuri vya pikipiki, na kwa zaidi ya nusu ya utumishi wake yeye ndiye aliyekuwa akitafutwa, kuanzia Arua hadi Oraba mpakani, kila pikipiki kuukuu ya mbio inapogoma kuwaka. Jarida la duka limeniomba niandike wasifu huu kwa sababu tumefanya kazi tukitenganishwa na ukuta mmoja, mimi stoo, yeye kaunta, na kwa sababu, eti, mimi napenda maneno. Hilo la pili sikubaliani nalo, lakini kama mnavyoona nimekubali kuandika.

Wenzetu wa idara ya matairi huenda wakajiuliza plagi ina nini cha kumshughulisha mtu mzima muda wote huo. Nami nilijiuliza vivyo hivyo nilipofika hapa. Plagi ni kile kidude cha kauri na chuma kinachotoa cheche ndani ya silinda ili petroli iwake. Pikipiki ya boda ina moja, na plagi ya boda inauzwa kila mahali, hata dukani kwa muuza sukari. Zile pikipiki kubwa za mbio, ambazo vijana wetu huziita spoti, nyingi zina nne, na kila injini ina plagi yake. Zinatofautiana unene wa nyuzi za kukazia, urefu wa mguu unaozama kwenye injini na kiasi cha joto zinachokihifadhi nchani. Ukikosea kimoja tu, pikipiki itakuonyesha, ama leo ama ukishafika mbali na nyumbani.

Spoti zetu zenyewe nazo zina mambo. Nyingi zilitengenezwa kabla baadhi ya waandishi wa jarida hili hawajazaliwa. Nyingine ziliachwa na wageni wa mashirika walipomaliza mikataba yao, nyingine zilivuka mpaka kutoka Kaya, Sudan Kusini, nyingine zilitoka Kongo kupitia Ariwara zikiwa juu ya lori la maharage. Njiani zilibadilishwa matangi, zikabadilishwa injini, zikapakwa rangi mara tatu. Tangi linasema hivi, injini inasema vile, na mwenye pikipiki anasema alivyoambiwa na aliyemuuzia. Ndiyo maana Hajati hakuwahi kuamini tangi.

Aliuliza. Jamani, mwanamke huyu aliuliza! Mteja alikuja kununua plagi nne akidhani atatoka kabla kivuli hakijasogea, akajikuta anaulizwa injini ina silinda ngapi, inapoa kwa upepo au kwa maji, nani aliifungua mara ya mwisho, anapanda nayo na mizigo au peke yake, petroli anajaza kituoni au ya chupa za barabarani, na plagi za zamani ziko wapi. Asiyekuja na plagi za zamani alirudishwa kuzifuata. Wateja wa Koboko walimpa jina la Kotini, yaani mahakamani. Mtu akiulizwa anaelekea wapi, anajibu anakwenda kotini, na kila mtu anaelewa kwamba plagi zimekufa.

Nakumbuka mteja mmoja kutoka Lobule aliyechoka katikati ya mahojiano akasema kwa sauti, "Mama, mimi hapana kuja hapa kuoa. Mimi nataka plagi tu!" Kaunta nzima ilicheka. Hajati naye alicheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya mtandio, kisha akamwuliza tena swali lile lile la petroli ya chupa. Kuuliza si ujinga, ndiyo kauli yake, na aliitumia kwa mteja, kwa fundi na kwa mkurugenzi bila kupunguza.

Udadisi huu haukuanzia darasani. Baba yake alikuwa fundi wa magari jeshini, na nyumba yao ya Koboko, kama nyumba nyingi za Wanubi pale, ilikuwa na vyuma vingi kuliko viti. Hata hivyo yeye mwenyewe husema alipoanza kazi hapa alijua mipira ya ndani ya baiskeli tu. Kilichomgeuza ni pikipiki ya Bwana Lokule.

Bwana Lokule alikuwa mmoja wa watu wa kwanza mjini Arua kumiliki spoti. Alikuja na plagi iliyoungua hata maandishi yake hayasomeki. Kila mtu dukani akamwambia achukue ya boda, kwa kuwa nyuzi zake zina unene ule ule na spana ni ile ile. Na kweli, iliingia, ikakaza, pikipiki ikawaka. Lokule akaondoka anapiga honi. Zuhurah akabaki na ile plagi iliyokufa mkononi, akaisimamisha kwenye kaunta kando ya plagi ya boda, akaona mguu wa ile ya spoti ni mrefu zaidi. Akataka kujua kwa nini aliyeitengeneza alijisumbua kuongeza chuma kile. Sisi tulimwambia ni mtindo tu.

Hakuridhika. Alikwenda kwa fundi, akachukua spoki ya baiskeli na kuiingiza kwenye tundu la plagi kupima kina chake, na hapo ndipo alipoelewa. Plagi fupi ikiingia kwenye tundu refu, ncha yake haifiki ndani ya silinda. Cheche inajificha ndani ya tundu, na zile nyuzi zilizobaki wazi chini yake zinajaa masizi magumu. Siku ukileta plagi ya kweli, haiingii, au inaingia kwa kulazimishwa na kurarua nyuzi zote. Alipokwenda kumwonya Lokule alikuta imeshatokea, na kichwa cha injini kiko njiani kwenda Kampala kutiwa nyuzi upya. Tangu hapo aliweka spoki yake kaunta, imetiwa alama za rangi ya kucha, na hakuna aliyethubutu kuitupa.

Kutafuta plagi zenyewe kulikuwa kazi nyingine. Plagi za spoti za miaka ya themanini na tisini haziji zenyewe huku kwetu West Nile. Hajati alijenga mtandao wake wa kina mama wa mitumba, madereva wa mabasi ya Kampala, mawakala wa Oraba na mfanyabiashara mmoja wa Nairobi ambaye hawajawahi kuonana lakini wanajuana hadi majina ya wajukuu. Plagi za bandia alizitambua kwa vitu vidogo. Maandishi kwenye kauri yakifutika kwa kidole chenye mate, hapana. Ncha ya juu ikiwa imekaa upande, hapana. Ile pete ndogo ya chuma chini ya kichwa cha plagi ikichomoka kirahisi, hapana. Alizirudisha na ujumbe mrefu wa maswali, na walioulizwa mara moja hawakurudia.

Alipokwenda Hija, sote tulisubiri tende na maji ya Zamzam. Tulipata tende, tulipata Zamzam, na stoo ilipata boksi la plagi za silinda nne alizozinunua Dubai ndege ilipotua njiani. Alieleza kwamba alikuwa na nafasi kwenye begi. Katika arusi ya binti wa jirani yetu pia, aliacha sahani ya pilau akatoka nje, kwa kuwa alisikia pikipiki moja katika msafara wa bibi harusi inapiga kwa silinda tatu badala ya nne, akataka kujua ni ya nani. Pilau ilipoa, na mwenye pikipiki aliulizwa maswali yote akiwa amevaa suti.

Aliniambia mara nyingi kwamba plagi iliyotumika inasimulia. Ikitoka na rangi ya chai ya maziwa, injini iko sawa. Ikitoka nyeusi yenye masizi, inakula petroli kupita kiasi. Ikitoka nyeupe, joto limezidi, na hapo usiiwashe tena mpaka ujue sababu. Alikuwa akizinusa pia, jambo ambalo mimi sijawahi kulielewa.

Sasa nifike kwenye lile ambalo wengine walinishauri niliache. Mwenyewe Hajati amesema nikiliacha, hatasoma wasifu huu.

Mwaka jana, plagi za spoti moja zilikosekana kila mahali. Spoti hiyo ni nyekundu, ya mwaka 1989, mali ya Bwana Severino Yakani, wakala wa forodha pale Oraba, ambaye huja nayo Arua kila wiki akiikimbiza lami yote. Kampala hapakuwa na kitu, na Ariwara nako hivyo hivyo. Mfanyabiashara wa Nairobi akapata za kiwanda cha Ulaya, mguu na nyuzi ni zile zile, pamoja na namba inayolingana na ile ya Kijapani tuliyozoea. Hajati akafikiri kama kawaida yake. Huyu mtu anakimbia mbali, jua kali, mizigo, basi tumpe plagi ya baridi kidogo, yenye kumwaga joto haraka. Kwenye plagi tulizozizoea, namba ikipanda, plagi inakuwa baridi zaidi. Kwa hiyo aliagiza yenye namba mbili juu.

Aliyezifunga ni fundi Night Poni wa Koboko, mama wa watoto watatu mwenye karakana nyuma ya soko, na mwanamke pekee mjini pale anayefungua injini za spoti. Wiki chache baadaye, Yakani akiwa anapita Kuluba kwa mwendo wake ule, injini ikatema moshi wa bluu na kuzima. Ilipofunguliwa, pistoni moja ilikuwa na tundu la kupitisha kidole.

Mafundi wa Koboko wana desturi yao. Fundi akilaumiwa kwa kuunguza injini ya mteja, sanduku lake la spana hupigwa kufuli la chama na kuwekwa kwa mwenyekiti mpaka baraza la Jumapili limsikilize pamoja na mteja. Bila spana hakuna kazi, na fundi akionekana ana hatia, sanduku halirudi tena. Yakani alisema Night Poni alivuruga kabureta. Mafundi wengine, ambao sijui kama walifurahi, walisema huenda ikawa kweli. Baraza likaahirishwa mara mbili, na Night Poni akakaa nyumbani bila hata spana ya namba kumi huku wateja wake wakienda kwingine.

Habari ilipofika Arua, dukani tulimhurumia na kuendelea na kazi. Hajati hakuendelea. Alisema Night Poni ameweka sawa kabureta nyingi mno kuweza kuikosea hii, naye anataka kujua pistoni imetobokaje. Alipanda gari asubuhi ya Jumamosi kwenda Koboko, nami nikafuatana naye kwa kuwa nilikuwa na mzigo wa kupeleka tawini.

Alizipanga zile plagi nne kwenye meza ya Night Poni. Zote zilikuwa nyeupe kama chumvi, na moja ilikuwa na vitone vya kung'aa, masalia ya pistoni iliyoyeyuka. Night Poni alisimama mlangoni amekunja mikono. Hajati akaanza kujiuliza mwenyewe kwa sauti. Kabureta moja ikiharibika, plagi moja ndiyo inabadilika rangi. Hapa zimebadilika zote nne, kwa kiasi kile kile. Ni kitu gani kilicho kimoja kwa silinda zote nne? Petroli? Yakani alijaza petroli kituo kile kile na pikipiki nyingine, na zote nzima. Hewa? Mipira ya kuingizia hewa haina ufa. Kisha akatoa simu, akampigia mtu wake wa Nairobi, akamwuliza kwenye plagi za kiwanda kile namba ikipanda joto linakwendaje.

Kwenye kiwanda kile, namba ikipanda, plagi inakuwa ya moto zaidi. Alikuwa amekwenda ngazi mbili upande usiofaa. Nilimwona akikaa kwenye tairi kuukuu, simu bado iko sikioni na mtu wa Nairobi ameshakata.

Lazima mjue kilichokuwa hatarini. Hajati alikuwa amebakiza chini ya mwaka mmoja kustaafu, na kanuni zetu zinasema mfanyakazi akilitia duka hasara kwa uzembe, kiinua mgongo chake kinaweza kuzuiwa. Zaidi yangu hakuna aliyejua; Night Poni alisikia swali la simu, lakini jibu Hajati aliniambia mimi tu. Nairobi ni mbali, na kule Koboko walikuwa wameshapata wa kumlaumu. Njiani kutoka karakana nilimwambia tungoje kwanza, tuzungumze na ofisi. Aliniuliza tukingoja, Night Poni atafungua nini kesho.

Jumapili, mbele ya baraza, mwenyekiti alipomwita mlalamikaji, aliyesimama ni Hajati. Alisema, nami naandika kama nilivyosikia, "Huyu binti hapana kosa. Plagi nilichagua mimi. Nilitaka ya baridi, nikatoa ya moto. Kama munatafuta mutu ya kufungia kufuli, mimi niko hapa." Kisha akaeleza habari ya namba, polepole, mpaka mafundi wakaanza kuulizana wao kwa wao wameshafunga ngapi za namna hiyo. Yakani alimkodolea macho. Sanduku la Night Poni lilifunguliwa pale pale.

Msidhani palikuwa na kukumbatiana. Night Poni alihesabu spana zake, akafunga kifuniko, akamwambia, "Mama, wiki zote hizi mimi nakula aibu ya wewe." Hajati akajibu, "Ni kweli, binti yangu," akabeba upande mmoja wa sanduku mpaka karakana.

Ofisini mambo yalikuwa magumu. Wapo waliopendekeza duka liseme plagi zilitoka kiwandani na kasoro. Hajati alikataa, akasema plagi zilikuwa nzuri kabisa, aliyekosea ni yeye. Mkurugenzi wetu, Bwana Swadiki, alikasirika kwamba hakushauriwa kabla ya baraza, na alikuwa na haki ya kukasirika. Kiinua mgongo kilisimamishwa mpaka kamati ikae. Ilipokaa, iliamua apewe chake chote, duka linunue pistoni, ila Hajati aondolewe kwenye ununuzi na kurudishwa kaunta ya mipira ya baiskeli, pale pale alipoanzia. Kabla ya kuhama aliomba jambo moja, kwamba juu ya rafu za plagi ipakwe rangi ielezayo kiwanda kipi namba yake hupanda kwa moto na kipi kwa baridi. Mmeyaona maandishi hayo mekundu. Mwandiko ni wake.

Iliniuma, na nasema wazi. Niliwaona wateja waliokuwa wakimpangia foleni wakipita mbele yake wakitazama kando. Mmoja aliyewahi kumwita mama miaka kumi alinunua plagi kwa Bi Concy, mnunuzi mpya, kisha akazificha mfukoni alipopita kaunta ya mipira. Hajati alimsalimia kwa jina lake. Akija stoo kuchukua mzigo aliubeba akaenda zake, na stoo yetu bila maswali yake ilikuwa mahali pa ajabu.

Mwezi wa Aprili, Severino Yakani aliingia dukani. Injini ilikuwa imerudi, Night Poni ndiye aliyeifunga tena, kwa matakwa ya Yakani mwenyewe. Bi Concy alimkaribisha kwenye kaunta ya plagi. Yakani alimsalimia vizuri, akampita, akaenda kuweka kofia yake ngumu mbele ya Hajati, katikati ya mipira ya baiskeli.

"Mama," alisema, "nakuja kuchagua plagi. Wewe chagua."

Hajati alimwelekeza kwa Bi Concy. Alimwambia Concy anajua kazi, amemfundisha mwenyewe, na yeye siku hizi hauzi plagi. Alisema pia, kwa sauti ya chini, kwamba yeye ndiye aliyeunguza injini ile.

"Mimi najua," Yakani alijibu. "Hawa wengine, siku watakosea, mimi hapana jua kama watasema. Wewe nimeshaona."

Bi Concy mwenyewe ndiye aliyekuja na boksi la plagi na kuliweka kaunta ya mipira. Kuanzia siku ile wamekuwa wakichagua pamoja, kamati haijasema kitu, na foleni imerudi ndefu kama zamani.

Hajati Zuhurah, tunakushukuru kwa kazi, kwa tende, kwa maswali, na zaidi ya yote kwa ile Jumapili ya Koboko. Mola akupe afya na miaka mingi ya raha kati ya wajukuu zako. Sisi tunaobaki nyuma ya kaunta hii tutakosea, hilo halina shaka. Tuombee na sisi tuweze kusimama na kusema.